Saa ya babu inasimama kila Ijumaa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina saa kubwa ya kusimama ya marehemu babu, ile ya kabati refu yenye mawe mawili na pendulamu ndefu. Miaka yote ilikuwa Ujiji. Mwaka huu tumeileta Tabora, tukaiweka sebuleni juu ya zulia. Naitia ufunguo kila Jumapili, inatembea vizuri, halafu Ijumaa, mara nyingine Alhamisi usiku, nakuta imesimama. Nikiisukuma pendulamu inakwenda robo saa hivi, inasimama tena. Mama mdogo anasema babu hakutaka saa ihamishwe, na kweli alifariki siku ya Ijumaa. Mjomba anasema ni kwa sababu Tabora iko juu kuliko ziwani. Fundi wa sokoni anataka atoe mashine yote aweke ya betri. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kanyenye, Tabora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kitu ambacho wengi husahau kukitaja, nacho ni siku. Mtu akiniambia tu "saa imesimama" inabidi nimuulize maswali ishirini. Wewe umesema inasimama Ijumaa na ufunguo unatiwa Jumapili, na hapo nusu ya kazi imeshafanyika.

Kwanza toa wasiwasi kuhusu mashine. Mashine mbovu haitembei siku tano mfululizo kisha ikachagua siku ya kugoma. Na usidhani kwamba ikifika Ijumaa inakuwa imeishiwa nguvu. Saa ya springi huishiwa, kwa sababu springi inavyofunguka ndivyo inavyolegea. Yako inaendeshwa na mawe, vile vizito vinavyoning'inia kwenye kamba, na jiwe halilegei. Kilo sita za Jumapili ni kilo sita za Ijumaa, na mvuto wake kwenye kamba ni uleule tangu juu mpaka chini. Kwa hiyo saa ya mawe ikisimama katikati ya wiki, swali ni moja tu: nguvu inapotelea wapi?

Na nguvu yenyewe ni kidogo mno. Katika saa za siku nane, yaani zinazotembea siku nane ukizijaza mara moja, jiwe huwa na kilo tano hadi sita na ushee, na kwa siku hizo nane hushuka mita moja na nusu hivi. Ukipiga hesabu unapata kama jouli 90 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa wiki nzima. Betri ya simu ya kawaida ikijaa ina zaidi ya jouli 50,000. Maana yake chaji moja ya simu yako, kama kungekuwa na njia ya kuimimina humo ndani bila kupoteza kitu, ingeiendesha saa ya babu zaidi ya miaka kumi. Chombo kinachoishi kwa riziki ndogo namna hiyo hakina akiba ya kupigana na chochote. Mshale ukigusa kioo kidogo, kinasimama. Kabati likitikisika kidogo, kinasimama.

Nadhani hilo la kabati ndilo lako.

Pendulamu ya saa kama yako hupiga upande mmoja kwa sekunde moja, na ili ifanye hivyo lazima urefu wake, kuanzia inaponing'inia hadi katikati ya kisahani kizito, uwe karibu sentimita 99. Sasa yatazame mawe. Kila jiwe linaning'inia kwenye kamba, na chochote kinachoning'inia kwenye kamba nacho kinaweza kupembea. Jumapili mawe yako juu, kamba ni fupi, hayana habari na pendulamu. Yanashuka karibu sentimita 20 kwa siku. Alhamisi usiku au Ijumaa yanafika usawa wa kisahani cha pendulamu, na hapo urefu wa kamba zake unakuwa sawa na urefu wa pendulamu. Vitu viwili vyenye urefu mmoja vina mwendo mmoja. Kabati likiwa linayumba japo kwa unene wa unywele, kila mpigo wa pendulamu unalisukuma jiwe kidogo, na kwa kuwa msukumo unakuja kwa wakati wake kila mara, jiwe linaanza kupembea, vilevile mtoto kwenye bembea anavyopanda juu kwa visukumo vidogo vinavyokuja kwa wakati. Jiwe linapembea kwa nguvu ya nani? Ya pendulamu, hakuna nyingine humo ndani. Pendulamu inapungua, inapungua, mwisho haifiki pale inapotakiwa kuliachia jino la gurudumu, na saa inanyamaza.

Ndiyo maana ukiisukuma inakwenda robo saa tu. Dakika hizo ndizo jiwe linazohitaji kuanza kupembea tena.

Usiniamini kwa maneno. Ijumaa hii ukikuta imesimama, fungua mlango wa kabati taratibu, yatulize mawe kwa mkono, anzisha pendulamu, kisha kaa uangalie mawe tu. Ndani ya dakika tano hadi kumi utayaona yakianza kucheza. Ukiyaona, tia ufunguo mizunguko kadhaa mpaka mawe yapande juu ya kisahani, yatulize, anzisha tena. Ikitembea usiku kucha bila shida, umempata mwizi.

Kuna jaribio la pili, na hili ni kwa ajili ya mama mdogo, ambaye sitaki mtu amcheke. Ameona jambo la kweli: saa inasimama siku ileile. Kosa ni kuihesabu siku kutoka msibani badala ya kutoka kwenye ufunguo. Wiki ijayo msimwambie kitu, usitie ufunguo Jumapili. Uisukume hadi Jumatano kwa mizunguko michache ya kuiweka hai, na Jumatano ndipo uijaze kabisa. Ikianza kusimama Jumatatu badala ya Ijumaa, marehemu apumzike kwa amani, hana neno na nyie.

Sasa nenda nyuma ya kabati. Kwenye ubao wa mgongo, juu kidogo ya usawa wa mabega, nyuma ya mashine, tafuta tundu la skrubu. Nina hakika kubwa utalikuta, na pengine na alama ya mviringo pale ilipokuwa washa ya hiyo skrubu. Saa hizi zilifungwa ukutani. Ujiji ilikuwa imefungwa. Waliokuja kuihamisha wakaing'oa, wakaipakia, na Tabora ikasimamishwa kwa miguu yake juu ya zulia. Zulia ndilo adui hapo. Kabati refu lenye kitako chembamba, mashine na mawe kilo zaidi ya kumi kileleni, miguu juu ya kitu laini: hata mtu akipita sebuleni linayumba.

Ondoa zulia chini yake. Miguu ikae kwenye sakafu yenyewe, saruji au vigae. Ikiwa mguu mmoja unaelea, weka kipande cha plaiwudi au bati, siyo karatasi iliyokunjwa, kwa sababu karatasi inabonyea na baada ya mwezi umerudi ulikotoka. Nyuma, ikiwa kuna ukanda wa vigae chini ya ukuta unaolizuia kabati lisigusane na ukuta, weka kipande cha ubao kati ya mgongo wa kabati na ukuta, pale skrubu itakapopita. Tabora hamkosi mabaki ya mninga kwa fundi seremala yeyote. Tumia huo, mchwa hawaupendi. Na ukiwa huko nyuma kagua kama mchwa hawajaanza safari kutoka ukutani, maana kabati lililogusana na ukuta wa nyumba ya zamani ni daraja kwao. Kisha toboa ukuta, weka plagi ya plastiki, funga skrubu. Usikaze mpaka kabati likajipinda. Linatakiwa lishikwe tu.

Lakini kabla ya kukaza skrubu kuna jambo la kufanya kwa masikio, na hili ndilo linalosimamisha saa nyingi zaidi zilizohamishwa kuliko yote niliyoyasema. Sikiliza mlio. Unatakiwa uwe tiki, taka, tiki, taka, nafasi sawa. Ukisikia tiki-taka, kimya, tiki-taka, kimya, saa inachechemea, na saa inayochechemea haidumu. Pima maji ya waashi itakusaidia kidogo, ila isikutawale. Nimeona kabati lililonyooka kabisa kwa pima maji na saa inachechemea, na nimeona lililoegama linatembea miaka. Sikio kwanza.

Ukitaka kujua pa kurekebisha, bandika karatasi yenye alama nyuma ya kisahani cha pendulamu na uiache itulie kabisa. Isogeze kwa kidole polepole kwenda kushoto mpaka usikie mlio, uweke alama. Irudishe katikati, isogeze kulia mpaka mlio, uweke alama. Upande ambao mlio umekuja mapema, yaani pendulamu imesogea kidogo tu, ndio upande wa kabati unaoinuliwa. Inua kidogo, jaribu tena. Ikiwa inabidi kuinua mpaka kabati linaonekana limelewa, basi liache limenyooka na rekebisha ndani: nyuma ya mashine kuna kijiti chenye uma kinachoishika pendulamu, na kijiti hicho hupindwa taratibu sana kuelekea upande uleule uliolia mapema. Kishike kwa vidole viwili juu na chini ya pale unapopinda, usije ukaipeleka nguvu yote kwenye mhimili wake. Saa nyingine za karne ya 20 hujirekebisha zenyewe ukiivuta pendulamu mpaka karibu na ubavu wa kabati na kuiachia. Ya babu, kwa ulivyoieleza, ni ya kupinda.

Ukiwa na kiti na tochi mkononi, tazama na utepe mwembamba wa chuma ambao pendulamu inaning'inia. Ni mwembamba kama wembe na ndio wa kwanza kuumia safarini, hasa kama saa ilisafirishwa bila kuivua pendulamu. Ukiwa umepinda au una ufa, pendulamu haiendi mbele na nyuma kwa mstari. Inajizungusha, mkia wake unachora yai. Huo hautengenezwi, unabadilishwa.

Mawe nayo. Umesema ni mawili: moja la mwendo, jingine la kugonga. Katika saa nyingi za Kiingereza za mawe mawili uzito huwa karibu sawa, lakini si zote, na katika zile mpya zaidi za mawe matatu hutofautiana ingawa kwa macho yanafanana. Geuza uangalie chini kama kuna alama ya kushoto na kulia. Kama hakuna, weka kwenye mizani ya dukani. Likiwa moja ni zito kidogo, kama ni mawili, lijaribu upande wa mwendo. Mwendo ndio unaoshindwa. Usije ukaongeza uzito juu ya lile lililopo. Najua watu hufunga tofali au vyuma vya nanga kwenye jiwe, saa ikatembea, wakafurahi. Imetembea kwa sababu imelazimishwa kupita kwenye msuguano uliokuwa unaisimamisha, na ncha za mihimili zinatafuna matundu yake mpaka shaba inakuwa na mashimo ya mviringo mrefu. Na siku kamba ikikatika, kilo kumi zinaanguka penye vidole vya mtoto.

Mambo mengine nitayapitia haraka kwa sababu hayafanani na ugonjwa wako. Saa ikisimama saa ileile, siyo siku ileile, tazama mishale: wa dakika unagusana na ule mfupi, au mmoja unakwaruza kioo au uso wa saa. Ikisimama kati ya saa sita na saa saba tu, na jiwe la kugonga limefika chini au upande wa kugonga umekwama, tatizo liko kwenye kugonga: katika saa nyingi za zamani, kigezo kinachohesabu milio ya kugonga hushuka mno kwa ile ya saa sita, na kisiporudishwa na mashine ya kugonga hulizuia gurudumu la mishale linapofika kwenye ngazi ya saa saba. Kwa hiyo usiache jiwe la kugonga bila kulijaza ati kelele zinawasumbua wageni. Na kama ni wageni walioulizia kwa nini inagonga mara saba saa moja ya asubuhi, hiyo si hitilafu, ni saa ya Ulaya.

Uchafu ndiyo habari ndefu kwa Tabora. Kati ya Juni na Oktoba vumbi linaingia kila mahali, likichanganyika na mafuta ya zamani linakuwa tope la kusaga. Mulika tochi kwenye matundu ya mihimili kwenye mabamba ya shaba. Ukiona weusi wenye ukijani umezunguka tundu, mashine inataka kufunguliwa na kuoshwa na mtu anayejua. Usiitilie mafuta juu ya uchafu. Na tafadhali, si mawese, si nazi, si ya kupikia, si ya injini. Ya cherehani ni mepesi mno, yanakimbia tundu. Yale ya kupuliza ya kulegeza kutu yanaosha mafuta yaliyokuwepo na kuacha gundi. Mafuta ya saa ni tone moja dogo kwenye kila tundu, kwa ncha ya sindano. Meno ya magurudumu hayapakwi kabisa. Angalia pia utando wa buibui na kiota cha udongo cha nyigu, hasa kama saa ilikaa stoo kwa muda kabla ya kuja. Nyigu hupenda kona yenye giza isiyopita upepo, na mle ndani ni kama imejengwa kwa ajili yao.

Mjomba asidhani nimemsahau, maana amegusa jambo kubwa kuliko anavyojua. Mvuto wa dunia haulingani kila mahali, na pendulamu huliona hilo. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku, mpaka akalazimika kuifupisha pendulamu karibu milimita tatu. Baadaye Newton aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba dunia imetuna kwenye ikweta. Cayenne iko nyuzi tano hivi kaskazini ya ikweta. Tabora iko nyuzi tano kusini. Kwa hiyo saa ya babu, siku ilipofika kutoka Ulaya, ilichelewa vivyo hivyo, na kuna mtu aliikaza nati ya chini ya pendulamu mpaka ikashika wakati wa Ujiji.

Ila kutoka Ujiji hadi Tabora ni jambo jingine. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora kama 1,200. Tofauti hiyo inaichelewesha saa sekunde chache tu kwa siku, nne hadi sita hivi. Joto nalo huichelewesha: ufito wa chuma hurefuka kiasi cha kuichelewesha nusu sekunde kwa siku kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Na kuchelewa si kusimama. Mlima wote wa Kilimanjaro usingeisimamisha saa kwa sababu ya urefu wake. Ikishatulia, ukiona inachelewa, pandisha nati ya chini ya kisahani. Milimita moja ya urefu ni kama sekunde 43 kwa siku, hivyo zungusha nusu mzunguko tu, ngoja siku mbili, pima kwa saa ya simu.

Ukitaka kuisogeza tena, hata kwa hatua mbili za kupisha sofa, shusha mawe kwanza huku umeishika kamba isilegee kwenye pipa inakozungushiwa, kisha vua pendulamu. Yaandike mawe kushoto na kulia kwa chaki. Na mishale iendeshwe mbele tu, ukingoja kila mara imalize kugonga.

Amebaki fundi wa sokoni. Mashine ya betri anayotaka kuiweka inatoshea kiganjani na inauzwa bei ya sahani mbili za wali kuku. Yeye ataondoka na kilo kadhaa za shaba, na wewe utabaki na kabati lenye mawe ya maonyesho. Mshukuru kwa ushauri. Akisisitiza, mwambie akuuzie saa ya ukutani ya betri, uitundike jikoni, itakusaidia kuipima hiyo ya babu.